Kufanana kwa Vioo si Hatia

Yapo mawazo potofu yaliyoenea hata miongoni mwa watu wenye elimu, kwamba maabara ikisema vipande viwili vya kioo vinafanana, basi shauri limekwisha na mshtakiwa hana budi kwenda jela. Mawazo hayo ni ya hatari, hasa yanaposhikwa na mtumishi wa Serikali au mwalimu, ambaye neno lake husikilizwa na wananchi.

Chukua mfano, usio wa kesi yoyote. Dirisha la duka limevunjwa usiku mjini Moshi. Asubuhi anakamatwa kijana wa Kibosho, na katika sweta lake vinaonekana vipande vitatu vya kioo, vidogo kuliko punje ya mchele. Mtaalamu anapima jinsi vinavyopinda nuru, anapima na kioo cha dirisha, vipimo vinalingana. Mtaa mzima unashangilia: mwizi amepatikana!

Je, vioo vingapi vingine, toka Himo hadi Machame, vingelingana vivyo hivyo? Tuseme ni 4 katika kila 100. Wapo watakaorukia kusema kwamba, kwa hiyo, uwezekano wa kijana huyo kutokuwa na hatia ni 4 katika 100. Huo ni uongo wa hesabu. Katika madirisha 10,000 yatakuwapo 400 ya namna hiyo. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba ulinganifu huo ungetazamiwa mara 25 zaidi ikiwa vipande vilitoka dukani kuliko ikiwa vilitoka kwingineko. Huo ni uzito, lakini si hukumu.

Mwanatakwimu wa Uingereza, Dennis Lindley, alilieleza jambo hili mwaka 1977: kioo adimu kikilingana kina uzito kuliko kioo cha kawaida. Na vya kawaida vinaongezeka. Njia ya kumimina kioo juu ya bati lililoyeyushwa, iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959, imevifanya vioo bapa vya dunia nzima kukaribiana mno. Tangu 2023 kipo kiwanda cha namna hiyo Mkuranga. Dirisha la benki na la nyumba ya mkulima wa kahawa huko Marangu huenda vikawa vya tanuri moja.

Tena kuna sweta lenyewe. Vipande vingi hudondoka katika saa chache, lakini nguo ya sufi na mifuko huvishika zaidi, na kwa baridi ya mlimani nani asiyevaa sweta? Likiwa limenunuliwa juzi katika mitumba ya Memorial, nani ajuaye lilipita wapi?

Haya hayasemwi ili sayansi itupwe. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inayapokea maoni ya mtaalamu, na mahakama haifungwi nayo. Lakini ripoti isemayo "vinalingana" bila kueleza ni vioo vingapi vya eneo hilo vilivyopimwa, imemnyima hakimu nusu ya jambo. Wala takwimu za madirisha ya London haziwezi kuazimwa kwa ajili ya Moshi. Vioo vilivyovunjika vimejaa katika gereji za Njia Panda na karakana za mafundi wa madirisha. Vikusanywe, vipimwe, na hesabu yake iwekwe mezani kabla kijana huyo hajasimama kizimbani.