Wang Miao hakunitia hofu

BAADA YA UKURASA WA MWISHO
Na Zuhura Mbarouk

Nimemaliza kusoma The Three-Body Problem ya Liu Cixin, riwaya ya Kichina iliyoanza kutoka jaridani kwa mfululizo mwaka 2006, na tafsiri yake ya Kiingereza ikanyakua Tuzo ya Hugo mwaka 2015. Nimeudhika. Kingekuwa kitabu kibaya ningekiweka kando mapema, wala nisingekiandikia safu.

Wang Miao, mhusika mkuu, ni mtafiti wa nyuzi nyembamba mno. Anasafisha filamu ya kamera yake na kukuta tarakimu kwenye kila picha, zikihesabu muda uliobaki. Anampa mkewe kamera apige, anampa na mwanawe: picha zao hazina kitu. Kisha tarakimu zinamhamia machoni. Hapo nilikaa vizuri kitini. Mtu wa namna hii atamtazamaje mwanawe mezani? Atamwambia nini mkewe usiku? Liu hatuonyeshi. Mke na mtoto wameshapiga picha zao, basi. Baada ya hapo hawana nafasi kitabuni, na Wang ni kama amewasahau.

Kazi yake inayobaki ni kuelezwa. Anaelezwa fizikia, anaelezwa historia, anavaa kifaa cha mchezo wa kompyuta aelezwe sayari yenye majua matatu. Hata wazo la kutumia nyuzi zake kuikata meli katika Mfereji wa Panama linatoka kwa Shi Qiang, yule polisi mvuta sigara asiye na adabu, ambaye kila akiingia riwaya inachangamka. Mara moja tu nilihisi Wang ana damu: anapokumbuka alivyomwona kwa mbali Yang Dong, mwanafizikia aliyekuja kujiua. Kumbukumbu hiyo nayo inapita upesi.

Watetezi husema riwaya za kisayansi ni za mawazo, mhusika bapa si dosari. Sikubali, na ushahidi wangu umo humohumo kitabuni. Ye Wenjie anashuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa na Walinzi Wekundu hadi kufa mwaka 1967, huku mama yake akiwa miongoni mwa wanaomshutumu. Miaka baadaye, akiwa kazini kwenye kituo cha siri cha kijeshi, anapokea onyo kutoka angani: asijibu, la sivyo Dunia itavamiwa. Anajibu. Nilikifunga kitabu kwa muda, maana nilimwelewa, na kule kumwelewa kulinitisha kuliko meli zote za wavamizi.

Basi Liu anaweza kuumba mtu. Kwa nini akamnyima yule tunayefuatana naye kurasa nyingi namna hii? Tamthilia ya Netflix ya mwaka 2024 ilimwondoa Wang na kuwagawia marafiki kadhaa kazi zake. Tarakimu na nyuzi akapewa Auggie Salazar. Liu mwenyewe, katika juzuu ya pili, anamwacha Wang na kumleta mhusika mkuu mwingine, Luo Ji. Nimeshaianza, na sijamtafuta Wang hata mara moja.