Raki ya Mitumba Haimpi Mtu Cheti

Kijana akishatangaza kwamba ameanza kujisomea CCNA, cheti cha Cisco kwa mafundi wa mitandao ya kompyuta, hachelewi kupewa orodha ya manunuzi. Ruta tatu, swichi tatu, kebo za serial, kebo ya konsoli na, mfuko ukiruhusu, raki ya kuvipangia. Vyote vya mtumba, maana vipya bei yake haishikiki. Orodha hiyo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi anayeitoa ni mtu aliyefaulu mtihani wake kwa njia hiyo hiyo. Nyuma yake kuna imani iliyoota mizizi: asiye na vyuma vya kweli nyumbani hafaulu, na hata akifaulu hawi fundi.

Imani hiyo imepitwa na wakati, na madhara yake yanaonekana. Inawafanya vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wamalizie kwenye vyuma vikuukuu fedha ambazo zingelipia mtihani wenyewe. Na wale wasio na fedha hizo kabisa inawakatisha tamaa mapema, wakaona taaluma hii ni ya wenye nacho.

Ni haki kukiri kwamba zamani ushauri huo ulikuwa sahihi. CCNA ilianza mwaka 1998, na kwa miaka mingi ilimtaka mtahiniwa aijue Frame Relay, teknolojia ya kuunganisha ofisi za mbali. Zoezi lake lilihitaji ruta moja isimame katikati kama swichi ya Frame Relay, nyingine mbili au tatu zikae pembeni, na zote ziunganishwe kwa kebo za serial. Ndiyo maana ruta moja haikutosha. Mwaka 2005 Christophe Fillot akaanza kutengeneza Dynamips, programu iliyoiga ruta za Cisco ndani ya kompyuta ya kawaida, na juu ya kazi hiyo Jeremy Grossmann akajenga GNS3. Tatizo la ruta likapungua sana. La swichi likabaki, kwa kuwa kazi ya swichi za Catalyst hufanywa na chipu maalumu ambazo Dynamips haikuweza kuziiga. Wakati huo aliyemwambia mwenzake “ruta iga, swichi nunua” alikuwa anasema kweli tupu.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya ziada. Mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, intaneti ya ukanda huu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kupakua programu kubwa ya mazoezi ilikuwa kazi ya usiku kucha katika ofisi ya mtu mwingine, na kompyuta nyingi za nyumbani hazikuwa na RAM ya kubeba ruta tano za kuigwa kwa pamoja. Swichi ya mtumba iliyotolewa kwenye ofisi ya benki au shirika ilikuwa mkombozi wa kweli.

Mambo hayo yamebadilika moja baada ya jingine, orodha ikabaki vilevile.

Kwanza mtihani. Frame Relay iliondolewa kwenye CCNA mwaka 2016. Kisha tarehe 24 Februari 2020 ukaanza mtihani wa 200-301, ambao katika itifaki za kuelekeza njia unamtaka mtahiniwa asanidi OSPF ya eneo moja. RIP na EIGRP zilizowatesa waliotangulia zimekwenda zake. Asilimia 25 ya alama ni upitishaji wa IP, asilimia 15 ni misingi ya usalama, asilimia 10 ni uendeshaji wa mitandao kwa programu: kusoma JSON, kuelewa API za REST, kujua Ansible inafanya nini. Mtahiniwa anatarajiwa pia kusanidi mtandao wa Wi-Fi kupitia kidhibiti chenye kurasa za kubofya. Sasa ichukuliwe ruta ya Cisco 2501, ambayo bado hupatikana kwa bei ya kutupa. Ina tundu moja la Ethernet la aina ya AUI, la kasi ya Mbps 10, lisilofanya kazi bila adapta yake, na matundu mawili ya serial kwa ajili ya somo lililofutwa. Swichi ya Catalyst 2950 haijui IPv6. Anayejaza chumba kwa vitu hivi anajiandaa kwa mtihani wa kaka yake.

Halafu njia za kufanyia mazoezi. Packet Tracer hutolewa bure kwa yeyote anayejiandikisha katika Cisco Networking Academy, inakwenda kwenye laptopu ya kawaida, na ndani yake mna hata kile kidhibiti cha Wi-Fi ambacho orodha ya mitumba haina. Mwaka 2014 Cisco yenyewe ilianza kuuza VIRL, iliyoleta hatimaye swichi za kuigwa zenye programu halisi ya kampuni, na mwaka 2020 nafasi yake ikachukuliwa na Cisco Modeling Labs, CML. Toleo la mtu binafsi la CML limekuwa likiuzwa dola 199 kwa mwaka, na siku hizi kuna toleo la bure linaloruhusu vifaa vitano kwa wakati mmoja. Vifaa vitano vinatosha kwa sehemu kubwa ya mazoezi ya CCNA.

Kuna anayesema hizo ni njia za wanafunzi wa hatua ya chini, na kwamba wakubwa wa fani hupimwa kwenye vyuma. Ukweli uko kinyume chake. CCIE, cheti cha juu kabisa ambacho mtihani wake wa vitendo huchukua saa nane, kiliacha ruta na swichi za chuma katika tawi la Routing and Switching tangu toleo la tano la mwaka 2014, watahiniwa wakahamishiwa kwenye vifaa pepe. Kama kampuni inayotengeneza vyuma hivyo imeridhika kumpima bingwa wake bila kumpa chuma, nani basi ana mamlaka ya kumwambia mwanafunzi wa Mwanza kwamba hajaiva mpaka anunue?

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani kimekuwa kikiwafundisha wahandisi wa mitandao wa Afrika tangu miaka ya 1990, wakiwamo wa vyuo vikuu na watoa huduma wa intaneti wa ukanda huu. Kwa miaka mingi warsha zake zimeendeshwa kwa ruta za kuigwa ndani ya kompyuta ndogo zinazobebeka kwenye begi. Wanafunzi wa warsha hizo hurudi kazini kusimamia mitandao yenye maelfu ya watumiaji.

Hoja inayobaki ni ya mwajiri. Anataka mtu aliyegusa vyuma, wanasema watetezi wa raki, na hoja hii ina uzito, hivyo isipuuzwe. Yapo mambo ambayo skrini haiyafundishi. Kutambua tundu la konsoli, kuchomeka ile kebo bapa ya rangi ya samawati, kugundua kwamba laptopu za leo hazina tundu la DB9 na hivyo panahitajika adapta ya USB, kuweka kasi ya 9600 na kusubiri herufi zitokee. Kurejesha ruta ambayo nenosiri lake limesahaulika kwa kuikatiza inapowaka na kubadilisha rejista kuwa 0x2142. Kwa swichi, kushikilia kitufe cha Mode. Kujua taa ya rangi ya machungwa inasema nini, moduli ya SFP inaingiaje bila kulazimishwa, na kebo iliyobanwa vibaya inavyoweza kuwasha taa lakini ikapoteza pakiti. Mikono inahitaji kuyajua hayo.

Lakini hayo yote hufundishwa na swichi moja. Ikiongezwa ruta moja, yamekwisha, na hata hizo mtu anaweza kuziazima chuoni au ofisini Jumamosi mbili tatu. Yanayobaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, ni ya kichwani: kwa nini majirani wawili wa OSPF hawapatani, VLAN gani imesahaulika kwenye trunk, ni amri ipi ya ulinzi inayozuia trafiki halali. Ujuzi huo hupatikana kwa kujenga na kuharibu mara nyingi. Kwenye laptopu mtu hujenga mtandao wa ruta kumi, akauvuruga kwa makusudi, akautengeneza, akaufuta na kuanza upya kabla ya chakula cha usiku. Mwenye ruta tatu za chuma hubaki na michoro ileile ya ruta tatu, na jioni zake nyingi huishia kutafuta kebo iliyolegea.

Tena mwajiri wa hapa si lazima awe mtumiaji wa Cisco. Wauzaji wengi wa Wi-Fi mitaani na ofisi nyingi ndogo za Kenya na Tanzania huendesha mitandao yao kwa MikroTik, kampuni ya Latvia. Mfumo wake wa RouterOS una toleo la CHR linalopakuliwa bure. Leseni ya bure hubana kasi ifikie Mbps 1 kwa kila tundu, nayo inatosha kabisa mazoezi. Kijana anayekwenda kwenye usaili akiwa ameshaufahamu mfumo huo ana la kusema zaidi kuliko mwenye mnara wa Catalyst sebuleni.

Gharama nyingine huanza baada ya kununua. Raki ya vifaa sita vya zamani hula wati 200 hivi. Ikiwashwa saa nne kwa siku, hiyo ni uniti 24 kwa mwezi. Bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, ziliipa kaya ya matumizi madogo uniti 75 za kwanza kwa shilingi 100 kila moja, na kila uniti ya ziada kwa shilingi 350. Kaya inayotumia uniti 60 kwa shilingi 6,000 ikiongeza raki hiyo inafika uniti 84 na shilingi 10,650. Ikizoea kuvuka kiwango huhamishiwa kundi la T1, ambako bei hizo ziliweka kila uniti kwa shilingi 292 kabla ya kodi, na uniti zile 84 zinakuwa zaidi ya shilingi 24,000. Anayelipia umeme wa LUKU katika nyumba hiyo mara nyingi ni mzazi. Bado joto na kelele za feni katika chumba ambacho wadogo zake wanalala.

Soko lenyewe nalo lina mitego. Julai 2020 kampuni ya usalama ya F-Secure ilieleza jinsi ilivyochunguza swichi mbili bandia za mfano wa Catalyst 2960-X. Mwenye nazo aligundua kuwa ni bandia baada ya kusasisha programu, zikagoma kufanya kazi. Mei 2024 mkazi wa Florida alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka sita na nusu kwa biashara kubwa ya vifaa bandia vya Cisco kutoka China na Hong Kong, ambavyo vingi vilikuwa vifaa vya zamani vya daraja la chini vilivyobadilishwa vionekane vipya na vya thamani. Kama vyombo hivyo viliweza kuuzwa huko kwenye ukaguzi mkali, mnunuzi wa mtumba asiyekuwa na wa kumrudishia hana kinga.

Na wauzaji wana kosa lao. Mwaka 2023 kampuni ya ESET ilitangaza kwamba ilinunua ruta 18 za mtumba, na tisa kati ya hizo zilikutwa na usanidi kamili wa kampuni zilizozitumia awali. Ofisi inayouza swichi yake bila kuifuta inauza na siri zake. Mwanafunzi atakayekutana na usanidi wa namna hiyo aufute siku hiyohiyo, asiuchezee wala kuusambaza.

Anayeamua kununua swichi yake moja, na uamuzi huo ni halali, asikubali ya chini ya Catalyst 2960. Adai iwashwe mbele yake dukani, aone inapita hatua zote za kuwaka, na amri ya show version imwonyeshe namba ya mfano inayolingana na iliyobandikwa nyuma. Ahakikishe jina la faili ya IOS lina k9, kwa sababu bila hiyo hakuna SSH. Ruta ya 2811 ina uzito unaozidi kilo sita, hivyo anayeagiza nje apige kwanza hesabu ya usafirishaji. Mara nyingi nauli huishinda bei ya kifaa.

Mtihani wa CCNA unalipiwa dola 300, zaidi ya shilingi laki saba za Tanzania, karibu elfu 39 za Kenya. Hiyo ndiyo gharama isiyokwepeka, na ndiyo inayopaswa kutengwa kwanza. Ya pili ni kuongeza RAM ya laptopu ifike GB 16, kwa anayetaka kwenda mbali kuliko Packet Tracer. Swichi ni ya tatu, moja, na inaweza kuchangiwa na wanafunzi wanne. Wakufunzi na mafundi wazoefu wanaoombwa ushauri waiache ile orodha ya zamani, na vyuo vyenye maabara zilizofungwa kwa kufuli mwisho wa wiki vizifungulie vijana wanaojisomea mitaani.