Gari Linalogonga Alfajiri na Kunyamaza Mchana



Ndugu yetu mmoja alinisimamisha nje ya msikiti baada ya swala ya Alfajiri, akanitaka nisikilize injini ya gari lake. Alipoliwasha, liligonga kwa sekunde chache kama cheni ya baiskeli iliyolegea, kisha likatulia. “Likishapata moto halisikiki kabisa,” akasema. “Nataka kuliuza. Mteja anakuja saa nane mchana.”

Injini nyingi za kisasa, zikiwamo za 1NZ zilizomo katika IST na Vitz nyingi za mitaani kwetu, hazitumii mkanda wa taimingi bali cheni. Cheni hiyo huunganisha kranki iliyo chini na kamshafti zilizo juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kando yake ipo tenshena, yaani kikazio kinachosukumwa na springi pamoja na presha ya oili. Gari likilala usiku kucha, oili huweza kushuka. Tenshena iliyochakaa hukosa nguvu, na cheni hugonga mpaka presha ipande. Ndiyo maana mlio huja na kuondoka. Kunyamaza kwake si kupona.

Anza na lililo jepesi. Pima oili gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa imepungua, imechakaa, au si ya uzito uliotajwa katika kitabu cha gari, ibadilishe pamoja na filta, kisha sikiliza kwa asubuhi kadhaa. Mlio ukiendelea, liache gari lilale gereji ili fundi aliwashe likiwa baridi. Ukilipeleka lina moto, hatasikia kitu. Aguse kifuniko cha cheni kwa ncha ya bisibisi ndefu na kuweka mpini sikioni, akijihadhari na mikanda inayozunguka. Cheni iliyolegea husikika hapo. Mgongo mzito utokao chini ya injini huenda ukawa wa beringi za kranki. Hapo zima injini mara moja. Apime pia presha ya oili kwa geji na kusoma kompyuta ya gari. Kodi P0016 huashiria kwamba kranki na kamshafti hazipatani, na cheni iliyorefuka ni miongoni mwa sababu zake.

Tenshena ikithibitika kuwa mbovu, isibadilishwe kabla cheni na miongozo yake haijakaguliwa, kwani cheni iliyorefuka haitatulizwa kwa muda mrefu na tenshena mpya. Kazi ikiisha, fundi aizungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ahakikishe alama zimekutana, ndipo awashe. Cheni ikiruka meno, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Hapo gharama ya tenshena hugeuka gharama ya injini, pengine usiku barabarani, mama na watoto wakiwa ndani.

Turudi kwa ndugu yetu. Mteja wa saa nane angeikuta injini imetulia. Wapo hata wanaotia oili nzito ili mlio ufifie kwa siku chache. Mtume (s.a.w.) alimkemea muuzaji aliyeacha chakula kilicholowa chini ya kikavu, na gari halina hukumu tofauti na nafaka. Kasoro ya bidhaa husemwa. Mnunuzi akiijua na kuridhika na bei, mauzo huwa na baraka. Akifichwa, fedha hiyo huingia nyumbani na dhuluma ndani yake, na watoto wetu ndio wanaolishwa.

Nilimweleza hayo, akainama kwa muda. Kisha akatoa simu, akamwomba mteja asije mchana ule, bali kesho yake baada ya Alfajiri, injini ikiwa bado baridi.

Wabillahi tawfiq.