Kutoka Buja hadi Unguja bila haraka

Kila Julai, shule zikishafungwa na vumbi la kiangazi likianza kutanda Buyenzi na Bwiza, familia za Bujumbura zenye uwezo kidogo huketi kupiga hesabu ya kwenda kuona bahari. Hesabu hiyo huanzia na kuishia kwenye tiketi ya ndege. Ikishindikana, na kwa jinsi faranga inavyoporomoka mbele ya dola mara nyingi hushindikana, safari husogezwa mwakani na watoto hupelekwa ufukwe wa Saga siku ya Jumapili, wakala burusheti, wakarudi nyumbani. Ajabu ni kwamba wafanyabiashara wa mji huo huo hufika Dar es Salaam kwa basi bila kutangaza, wakifuata vitambaa na vipuri Kariakoo, na kutoka hapo Unguja ni mwendo wa saa mbili kwa boti. Barabara ipo. Kinachomshinda mwenye likizo ni kupanga safari kama mtu anayewahi msiba, siku zimehesabika na kila saa imeshatengewa kazi.

Njia ya kaskazini haifai kuingizwa katika mipango. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na waliozoea kupitia Kigali na Kampala hadi Mombasa walilazimika kutafuta pengine. Mlango wa bahari umebaki kusini, kwa Barabara ya Taifa namba 3, na kwa asiye na haraka huo ndio mlango mzuri kuliko wote. Ukishavuka Kanyosha, Ziwa Tanganyika linakaa dirisha la kulia na haliondoki. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachokaribia mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal ya Urusi peke yake. Wakazi wengi wa Bujumbura wanalijua kama mandhari ya nyuma ya picha za harusi. Wachache wamewahi kulifuata kuelekea kusini bila kuwa na jambo la kwenda kulimaliza huko.

Bila shaka kuna suala la usafiri wenyewe. Hiace ya Rumonge huondoka ikipata vitu viwili: abiria wa kujaza viti na mafuta ya kujaza tangi. Cha kwanza hupatikana upesi. Cha pili, tangu uhaba wa mafuta ulipoibana nchi, huweza kumweka dereva kwenye foleni ya kituo cha mafuta usiku kucha. Mwenye haraka hapo atanuna, atapiga simu, mwishowe atakodi gari la mtu binafsi kwa bei ya kuumiza na mpango mzima wa fedha utavunjika kabla hajatoka mjini. Aliyejiwekea siku ya akiba atarudi nyumbani kulala na kujaribu kesho alfajiri. Kwa safari hii, siku za akiba ndizo za kuandikwa mwanzo kwenye daftari, kabla ya nauli na kabla ya hoteli. Kila kiungo cha njia kinaweza kuchelewa. Kisichoweza kuchelewa ni ndege tu, na hata hilo si la kuapia.

Kituo cha kwanza hakipo mbali. Mugere, kilomita kama kumi kusini ya mji, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watoto wa shule huambiwa wawili hao walikutana hapo, na waelekezi wengine hawaoni sababu ya kuwasahihisha. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini kutazama mto Rusizi unaelekea wapi, unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia. Cha kukumbuka kwa hoja ya makala hii ni chombo walichotumia: mwaka 1871 mtu aliweza kutoka Ujiji hadi upande huu kwa maji, kituo kwa kituo, akilala kwenye fukwe. Leo, kwenye bandari ile ile ya Bujumbura inayopokea shehena za saruji na sukari kutoka Kigoma na Mpulungu, abiria wa kawaida hana meli yenye ratiba ya kumpeleka kusini.

Mbele ya hapo barabara inapita Gitaza na kuingia Rumonge. Kipande hicho, kilomita 45, kilikuwa kero kwa miaka mingi, mlima ukiporomokea upande mmoja na ziwa likila upande wa pili. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikiweka kwenye mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania, kilomita 260, ili pande mbili za mpaka ziunganishwe kwa lami. Rumonge ni mji wa mawese. Pembeni mwa barabara mabidoni ya njano yamepangwa juani, makonda wanayafunga juu ya paa la basi kwa kamba za mpira, na abiria aliyekaa chini ya bidoni lisilofungwa vizuri hufika na alama ya rangi ya machungwa begani. Alale hapo, au asogee hadi Nyanza-Lac, ale mukeke wa kuchoma, asikilize ziwa.

Hapa kalenda ina maana zaidi kuliko saa. Ndagala huvuliwa kwa taa kwenye usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawajikusanyi kwenye mwanga na wavuvi hubaki nchi kavu. Anayetaka kuona maji yakimetameta kwa taa hadi upeo wa macho achague siku za mwezi mwandamo. Na bado anaweza kukosa: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, ikifuata makubaliano ya nchi nne zinazoligawana ziwa. Likizo ya Julai huangukia katikati ya miezi hiyo. Ya mwishoni mwa Agosti ina nafasi nzuri zaidi ya kukuta taa majini na samaki sokoni.

Kutoka Nyanza-Lac gari hupanda Mabanda hadi Mugina, na upande wa pili wa mpaka ni Manyovu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo viza haimhusu Mrundi; pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vinamhusu sana, na kadi iliyosahauliwa kabatini ndiyo inayoweza kuirudisha familia nzima. Faranga zibadilishwe papo hapo mpakani. Kigoma atakayezipokea ni wa kutafutwa, na Dar es Salaam ni karatasi za ukumbusho.

Kigoma inastahili siku tatu, na watu wengi huipa usiku mmoja. Pwani ya Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, boti za mbao hupakia abiria, magunia, magodoro na kuku, kisha huelekea vijiji vya juu hadi karibu na mpaka wa Burundi. Boti hizo hizo hupita Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuanza kuwachunguza sokwe. Mtalii wa mbali hukodi boti yake mwenyewe kwa mamia ya dola. Mrundi anayejua Kiswahili hukaa juu ya gunia la unga pamoja na akina mama wa kijiji cha Mwamgongo, na analipa kama wao. Lugha, kwenye safari ya namna hii, ni punguzo la bei, na watu wa Buyenzi wamezaliwa nalo mdomoni.

Bandarini Kigoma ndipo penye historia ya meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kwa miongo mingi ilishusha na kupakia watu ziwani, na Bujumbura ilikuwa moja ya bandari zake hadi vita vya miaka ya 1990. Mei 2015, Warundi maelfu kwa maelfu walipokwama kwenye ufukwe mwembamba wa Kagunga, upande wa Tanzania, wakikimbia machafuko ya nchini mwao, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua, safari baada ya safari, hadi Kigoma. Kuna watu Bujumbura leo ambao safari yao pekee ya meli ni ile. Kuwaambia hao kwamba ziwa ni mahali pa likizo kunahitaji adabu.

Lakini hiyo ni sababu ya kuirudisha meli, wala si ya kuiacha. Miaka ya karibuni Liemba imekuwa kwenye matengenezo, na mazungumzo ya bandari katika nchi zote nne hutawaliwa na makontena na nikeli. Kati ya Bujumbura na Kigoma kwa maji hazifiki kilomita 200. Meli ya mwendo wa kawaida ingeondoka jioni na kufika alfajiri, watu wamelala. Mwenye duka angeitumia, mwanafunzi angeitumia, mgonjwa anayekwenda kutibiwa angeitumia, na mwenye likizo angekuwa abiria wa nne tu kwenye orodha. Anayeona utalii wa ziwa kama hoteli mpya za ufukweni ajiulize hoteli hizo zilikuwa na hali gani mwaka 2024, maji yalipopanda na kufunika fukwe za Bujumbura na nyumba za Gatumba. Meli hupanda pamoja na maji.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na treni yake ya zamani bado ni shule ya uvumilivu. Hupita Uvinza kwenye chumvi, huvuka nchi ya Malagarasi, husimama Tabora ambako chupa za asali huinuliwa hadi dirishani na bei hushuka kadiri filimbi inavyokaribia. Njia hii ndiyo ya misafara ya pembe na watumwa kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaliona ziwa Februari 1858. Abiria anayelalamikia kuchelewa kwa saa sita anaweza kujipoza kwa hesabu hiyo. Mwenye watoto asijitie ushujaa: akate kitanda cha daraja la pili, kwa kuwa usiku mzima kwenye benchi na mtoto mapajani haugeuki kuwa starehe kwa kuuita utalii. Akishuka Dodoma ahamie treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dar es Salaam Julai 2024 na inayotumia takriban saa tatu na nusu. Tiketi yake hukatwa mapema na kwa kitambulisho. Reli hiyo inajengwa kuelekea Kigoma, na mkataba wa tawi la Uvinza hadi Musongati nchini Burundi ulitiwa saini Januari 2025. Nikeli ya Musongati ndiyo iliyovuta tawi hilo. Burundi ingefanya vyema kuuliza mapema mabehewa ya abiria yatakuwa mangapi.

Halafu ndiyo bahari, na bahari ya Julai ina kusi. Upepo huo huvuma kutoka kusini tangu Juni hadi Septemba, anga safi, jua la kupendeza, na mawimbi yanayowafanya wasiozoea kushika mifuko ya plastiki kabla boti haijapita Mbudya. Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam ni nyingi kwa siku. Hapa siku za akiba zinalipa deni lake lote. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi. MV Skagit ilizama 18 Julai 2012 karibu na Unguja, bahari imechafuka. Waliopanda walikuwa na sababu zao za kupanda siku ile. Msafiri wa likizo hana sababu kama hizo: akiona chombo kimejaa, au bahari imevimba, anaweza kusema nitapanda kesho, na hoteli ya kesho bado haijalipiwa.

Unguja watu wa Bujumbura hufanya kosa lile lile la wageni wengine, kulala siku mbili Mji Mkongwe, moja Nungwi, kupiga picha na kurudi. Daladala namba 309 huenda Jambiani kwa nauli ambayo teksi ya bandarini haiwezi kuitaja bila kucheka. Wiki moja kwenye kijiji kimoja, kwenye nyumba ya kupanga, samaki wa kununuliwa ufukweni maji yakitoka, inagharimu chini ya siku tatu za kuhamahama. Atakayefika katikati ya Julai aulize Makunduchi kuhusu Mwaka Kogwa, wanaume wanapopigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinapochomwa moto kuukaribisha mwaka. Mwenye muda zaidi avuke Pemba, kwenye karafuu na watalii wachache.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye mikoba mgongoni, na kwamba Mrundi aliyefanya kazi mwaka mzima anataka raha. Wana haki yao, hasa wakiwa na wazee au likizo ya wiki moja. Wiki moja haitoshi; tatu zinatosha, mbili zinabana. Walio na wiki mbili waende polepole kwa nchi kavu na kurudi kwa ndege hadi uwanja wa Melchior Ndadaye, nauli ya upande mmoja. Waende hivyo na wala si kinyume chake, maana anayeanza kwa ndege hufika Unguja asubuhi hiyo hiyo, na wiki ya pili huanza kuhesabu siku za kupanda treni ya kurudi kazini.