Ruanda ipi, ndugu yangu?

Jamani, hebu andika "Ruanda" kwenye Google halafu uniambie umefika wapi. Mimi nasema umefika Kigali. Wajerumani na Waitalia mpaka leo wanaiandika Rwanda kwa "u", na maandishi ya enzi za Ruanda-Urundi yamejaa tele. Ukibahatika kurudi Tanzania, ipo Ruanda ya Mbeya mjini, ipo ya Mbinga kwenye makaa ya mawe ya Ngaka, ndipo ije hii ninayoizungumzia: kata ya Ruanda, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe.

Songwe nayo balaa. Mkoa umezaliwa 2016 kutoka Mbeya, lakini jina lilikuwa tayari la mto wa mpakani na Malawi. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, uko mkoa wa Mbeya!

Sasa mwenye tovuti wa huku, awe anauza kahawa au ana gesti, anaandika juu ya ukurasa wake: "Karibuni Sana". Basi. Google itajuaje? Haina shemeji Vwawa wa kumuuliza. Inasoma kichwa cha ukurasa na maneno yaliyomo, kisha inaangalia kurasa gani nyingine zimeweka kiungo cha kuja kwako. Hesabu hiyo ya viungo ndiyo waliyoanza nayo Larry Page na Sergey Brin pale Stanford miaka ya 1990, na bado ina uzito.

Sisi wa magazeti tunaongoza kwa ugonjwa huu. Tunafundishwa kichwa cha kumnasa mpita njia: "Kimenuka Tunduma!" Kwenye meza ya muuza magazeti kinauza. Lakini dereva wa lori hatafuti "kimenuka". Anatafuta "foleni ya malori Tunduma", au kama kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, leo kinapitisha magari. Kichwa chenye maneno yake hakina mbwembwe, nakubali, ila kinamfikia.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni tangazo la picha. Karatasi yenye muhuri inapigwa picha, inabandikwa kwenye tovuti, na pembeni hakuna hata sentensi moja iliyochapwa. Tenda inafunguliwa na kufungwa, kijana aliyekuwa na sifa hana habari. Kuchapa aya mbili kunachukua dakika ngapi?

Halafu wapo wanaouza "namba moja Google ndani ya wiki". Waulize wanafanya nini hasa. Kama ni kujaza orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya ukurasa, Google ilishasema 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Kama ni kununua viungo, mchujo wao wa 2012 ulioitwa Penguin uliwekwa kwa ajili ya ujanja wa aina hiyo. Hiyo hela nunua bando.

Kuna wanaoshauri tuandike Kiingereza tu. Kwa mtalii anayetaka kuja kuona kimondo cha Mbozi, sawa. Mkulima wa Mlowo lakini ataandika "bei ya kahawa Mbozi", kwa Kiswahili, kwenye simu. Anayetaka wasomaji huku aanze na ukurasa huo: bei, tarehe, na jina la kata, wilaya na mkoa, kila msimu.