Utafiti wa kompyuta unaishia kabatini, ufunguo anao nani?

Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongee jambo linalotugusa sisi tunaokodi kompyuta kwa nusu saa. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa kompyuta, na kila mhitimu ana mradi wake wa mwisho. Mradi unajalidiwa, unapewa maksi, unaingia kabatini. Halafu unaingia kwenye duka au zahanati unakuta programu iliyonunuliwa nje, au daftari la kaunta na kalamu. Sasa tatizo liko wapi? Wasomi hawajui kazi, au wafanyabiashara hawasikii?

Mimi chuo sijafika, nimeishia kidato cha sita. Lakini habari hii haihitaji digrii. Tuanzie mbali kidogo, maana hata wakubwa wamepita humo humo.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM kule California, alichapisha makala yenye wazo jepesi: data iwekwe kwenye majedwali, na mtu aulize anachotaka bila kujali imelala wapi ndani ya mashine. Leo databezi za namna hiyo zipo kila mahali, kuanzia mabenki hadi tovuti unazofungua hapo kafe. Lakini IBM wenyewe hawakuwa na haraka. Walikuwa tayari wanauza programu nyingine ya kutunza data, IMS, na ilikuwa inawalipa. Nani anachinja ng'ombe anayemkamua kila asubuhi? Mwaka 1979 kampuni changa ya Larry Ellison, ambayo leo tunaiita Oracle, ikachukua mawazo yaliyochapishwa na watu wa IBM ikaanza kuyauza. IBM wakaja kutangaza bidhaa yao mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: miaka 11 tangu makala itoke, na hapo utafiti na kiwanda vilikuwa chini ya mwajiri mmoja!

Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walitengeneza databezi yao, Ingres. Waliowaomba kodi walipewa kwenye tepu kwa gharama ndogo. Wanafunzi wakaondoka na ujuzi kichwani. Mmoja wao, Robert Epstein, alishiriki kuanzisha kampuni ya Sybase mwaka 1984, na programu ya Sybase ndiyo ikazaa SQL Server ya Microsoft. Kwa hiyo kilichovuka mto siyo karatasi peke yake. Walivuka watu.

Google nao je? Larry Page na Sergey Brin walianza utafiti wao wa kutafuta kurasa wakiwa wanafunzi wa Stanford, mwaka 1996. Walijaribu kuwauzia kampuni ya Excite, wakakataliwa. Mwaka 1998 Andy Bechtolsheim akawaandikia cheki ya dola 100,000, na safari ikaanza. Chuo hakikuwang'ang'ania. Kilibaki na hataza, kikawapa leseni, kikachukua hisa. Kufikia 2005 hisa hizo zilikuwa zimekiletea Stanford dola milioni 336. Kumbe chuo kikimwachia mtoto atembee, mtoto anarudi na zawadi.

Haya, turudi nyumbani. Mwaka 2004 Idara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa kushirikiana na kampuni ya Uswidi, ilitoa Jambo OpenOffice: programu huria ya ofisi, kwa Kiswahili, bure. Jamani, hilo halikuwa jambo dogo. Kutafuta istilahi za Kiswahili za menyu nzima ni kazi ya kukesha. Sasa niambieni, ni wangapi kati yenu mmewahi kuikuta kafe?

Mtazamo wangu ni huu. Bure yake haikuwa na nguvu, kwa sababu Windows ya kuchakachua nayo ilikuwa bure. Mteja alikuja na faili la Word na alitaka litoke vilevile. Kozi za mtaani zilifundisha menyu za Kiingereza, na tangazo la kazi lilitaka ujue Word. Programu ilikuwa nzuri, lakini kila kitu kilichoizunguka kilikuwa upande wa pili.

Mfano wa pili uko kwa majirani zetu Uganda. Mwaka 2015 Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, siyo cheo) na wenzake wa Makerere walianzisha AirQo, mradi wa kupima uchafuzi wa hewa. Walitengeneza vifaa vyao wenyewe, vya bei nafuu, vya kuvumilia vumbi na joto la kwetu, vingine wakavifunga kwenye bodaboda. Hawakuishia kwenye makala, takwimu zilifika mpaka kwa mamlaka ya jiji la Kampala. Mwaka 2019 Google.org wakawapa dola milioni 1.3. Hapo ndipo napata wasiwasi kidogo: pesa bado ni ya mfadhili. Lakini kifaa kipo barabarani, siyo kabatini.

Sasa niwape kisa cha mtaani. Mshkaji wangu mmoja alitengeneza programu ya kuhesabu stoo ya duka la dawa kama mradi wake wa chuo. Ilifanya kazi bomba. Mwenye duka akaitazama, akauliza swali moja tu: "Hii ikigoma saa mbili usiku, foleni imejaa, nampigia nani?" Mshkaji alikuwa anajiandaa kwa mahafali. Dili likafa hapohapo.

Wengi tungemwita yule mama mshamba. Mimi nasema ndiye aliyelielewa tatizo kuliko sisi sote. Chuo kinatoa maksi kwa kitu kipya. Mwenye duka analipia kitu kisichogoma, na mtu anayepokea simu. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ya pili haina mwenyewe. Hakuna maksi za kupokea simu.

Ndiyo maana naona semina za "kuunganisha vyuo na viwanda" hazitatufikisha mbali zikiishia kwenye chai na vitafunwa. Kwanza, mradi wa mwaka wa kwanza ukiwa mzuri, upewe darasa linalofuata waukarabati, badala ya kila mwaka kuanza upya. Pili, kodi iwekwe wazi mtandaoni kama Berkeley walivyogawa tepu. Tatu, taasisi za umma zianze kununua vitu vidogo vidogo kwa vijana, maana tenda inayodai uzoefu wa miaka kadhaa inamfungia mlango mhitimu wa jana.

Na nne ni sisi. Yule jamaa wa kafe anayefufua kompyuta zilizokufa, aliyeishia kidato cha nne, ndiye anayeweza kupokea simu ya saa mbili usiku. Msomi aandike programu, fundi aitunze, wagawane malipo. Daraja lenyewe ndilo hilo.

Je, wewe mradi wako wa chuo uko wapi sasa hivi? Na mwenye kafe, ungeipokea programu ya mwanafunzi? Uwanja ni wenu wadau.