Nani Aliwauliza Wananchi Kuhusu Ujamaa?

Kila Oktoba, tarehe 14 ikikaribia, mhariri hunituma mtaani na swali lile lile: wananchi wanamkumbukaje Mwalimu? Nami hurudi na majibu yale yale. Baba wa Taifa. Alituunganisha. Hakujilimbikizia mali. Habari inatoka, siku inapita, tunasubiri mwaka mwingine.

Mwaka jana nilichoka. Nikaenda kijiwe cha bodaboda karibu na ninapoishi nikauliza bila kuzunguka: jamani, mnautaka Ujamaa? Wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Broo, unataka turudi kupanga foleni ya sabuni?" Foleni zile hakuziona, alisimuliwa na mama yake, na mimi siwezi kumbishia mama yake.

Nikabadilisha swali. Ni sawa diwani kuwa na kampuni inayopewa tenda na halmashauri yake mwenyewe? Hapo hakucheka mtu. Waliongea mpaka abiria wakaanza kulalamika.

Sasa hawa ndio watu ambao wachambuzi wetu wanatuambia "waliukataa Ujamaa wenyewe." Waliukataa lini? Kwa kura ipi?

Tukumbushane. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 1967, likatangazwa Februari 5. Ndani yake kulikuwa na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikailegeza miiko hiyo. Mkulima wa Songea hakuulizwa, wala kuli wa bandarini. Walioondoa miiko ni wale wale iliyokuwa inawafunga.

Msiniambie kwamba enzi hizo kuuliza watu kulikuwa hakuwezekani. Mwaka huo huo iliundwa Tume ya Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuuliza kuhusu vyama. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Serikali ikafuata asilimia 20, na mimi nasema ilifanya vizuri, kwa sababu haki ya kupinga haisubiri wingi. Lakini angalau watu waliulizwa. Kuhusu miiko hawakuulizwa wengi wala wachache.

Najua nitajibiwa: "Wewe kijana hukuona mateso." Kweli, na sitetei yote. Operesheni Vijiji ilihamisha watu kwa nguvu, wengine nyumba zao zikichomwa moto. Anayeuchukia Ujamaa kwa sababu hiyo ana haki yake. Ila tusichanganye mambo. Kumhamisha mkulima kwa mtutu ni jambo moja, kumzuia mkubwa asitajirike kwa cheo ni jingine kabisa. La kwanza liliwaumiza wananchi, la pili liliwakera viongozi. Ajabu ni kwamba machungu ya la kwanza ndiyo yanayotumika kulizika la pili.

Na unafiki wenyewe umeandikwa. Ibara ya 3 ya Katiba bado inasema Tanzania ni nchi ya kijamaa. Mbunge anaapa kuilinda Katiba hiyo, halafu anatoka ukumbini kwenda kuangalia biashara zake. Tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atamke mali zake. Azimio lilimkataza, sheria inamtaka ajaze fomu!

Rasimu ya Tume ya Warioba, iliyotokana na maoni ya wananchi, iliorodhesha tunu za taifa: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya taifa. Hiyo ndiyo sauti ya kijiweni, kwa lugha ya wanasheria. Bunge Maalumu la 2014 likaichakachua rasimu, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa mpaka leo.

Kwa hiyo Oktoba ijayo, mhariri wangu, usinitume tena kuuliza watu wanamkumbukaje Mwalimu. Amekwisha kumbukwa vya kutosha. Nitume niwaulize viongozi wanaoweka mashada ya maua: kati ya miiko ile ya 1967, uko tayari kufuata upi? Majibu yao tuyachape ukurasa wa mbele, hata kama ukurasa utabaki mweupe.